Ukiagiza muvi, tuambie na mwaka, jina peke yake halitoshi

Wateja wetu wa hapa Kisumu, na nyinyi wa Siaya, Kakamega na Busia tunaowatumia diski na matatu, kuna kitu kimoja kimesumbua sana na tumeona tukiandike vizuri mara moja ili tusaidiane. Mtu anatuma meseji "niwekee Rambo" basi, hakuna kingine, halafu jioni anaweka diski kwa deki anapata si ile alikuwa nayo kichwani, na hasira yake ni ya haki kabisa juu alikuwa ameshapangia Jumamosi yake na hata amealika watu.

Sasa tuanze na hiyo Rambo. Ya kwanza kabisa ni ya 1982 na jina lake ni First Blood. Ya pili, 1985, ndo inaitwa Rambo: First Blood Part II. Ya 1988 wakaiita Rambo III, kwa hivyo ukitafuta kitu kimeandikwa Rambo II kwa kava hautapata, haiko. Halafu 2008 wakatoa ya nne wakaiita Rambo tu, bila namba, bila chochote, sasa mtu akiniambia "nataka ile ya mwanzo, ile imeandikwa Rambo peke yake" mimi nikimsikiza vile amesema nitampea ya nne! Ya tano ni Rambo: Last Blood, 2019. Stallone ako kwa zote, ndo maana hata uso kwa kava haukusaidii sana, angalia mwaka.

Fast and Furious ndo inasumbua zaidi, hasa vijana wa Kondele wanaotaka zote kwa mpangilio. Ya 2001 ni The Fast and the Furious. Ya nne, 2009, ni Fast & Furious, yaani jina karibu lile lile wametoa tu vineno viwili. Halafu Tokyo Drift ilitoka 2006 ikiwa ya tatu lakini hadithi yake inaangukia baada ya ya sita, ndo maana watu wanashangaa yule jamaa Han amekufa kwa moja halafu inayofuata ako tu kwa gari anakula vitafunio vyake. Ukitaka kuelewa, anza ya 1, 2, kisha ruka uende 4, 5, 6, ndo urudi Tokyo Drift, halafu 7 kuendelea. Na kuna nyingine nzee ya miaka ya hamsini, nyeusi na nyeupe, produsa wake Roger Corman, inaitwa The Fast and the Furious vilevile. Hawa wa 2001 walichukua jina tu, hadithi ni tofauti kabisa, kwa hivyo ukiiona mahali usidhani ni pati ya kwanza iliyofichwa.

Hizo angalau ni za muendelezo. Ngumu zaidi ni zile zimetengenezwa upya, hadithi ileile, jina lilelile, waigizaji wengine. Hapa mzozo huwa ni wa nyumbani kabisa. Mzee akisema Don anamaanisha Amitabh Bachchan, 1978. Kijana wake akisema Don anamaanisha Shah Rukh Khan, 2006. Wote wako sawa na wote wanaweza kwenda nyumbani na diski si yao. Hadithi inaanza hivi kwa zote mbili: kuna jambazi mkubwa, anakufa, polisi wanachukua mtu wa kawaida anayefanana naye wanamwingiza kwa genge akae mahali pake. Lakini ile ya 2006 imegeuza mwisho, na imegeuza vizuri sana, siwezi kusema vipi nisiwaharibie. Kitu cha kushika ni kwamba Don 2 ya 2011 ni muendelezo wa hiyo ya Shah Rukh, si ya Amitabh. Ukitazama ya 1978 halafu ukaunganisha na Don 2 utachanganyikiwa na hautakuwa umekosea wewe. Hivyo hivyo Agneepath, iko ya 1990 na iko ya 2012 na Hrithik Roshan.

Watu wa horo, nyinyi mko na Halloween. Iko ya 1978. Iko ya 2007 ambayo ni ile hadithi imerudiwa upya. Halafu iko ya 2018 inayoitwa Halloween tena, na hii hairudii kitu, inaendelea kutoka pale ya 1978 iliishia na kufanya kama zile zingine zote za katikati hazikuwahi kutokea. Muvi tatu, jina moja, na kila moja ina kazi tofauti. Bila mwaka hatuwezi kujua unataka gani, kusema ukweli.

Za Bruce Lee nazo zilichanganywa majina zikivuka bahari. The Big Boss ya 1971 ilipofika Marekani ikaitwa Fists of Fury. Fist of Fury yenyewe, ya 1972, ile ya mwanafunzi anayelipiza kisasi cha mwalimu wake, Marekani ikaitwa The Chinese Connection. Kwa hivyo diski ikitoka Hong Kong na ikitoka Marekani majina hayapatani, na mteja akitwambia "Fist of Fury" huwa tunamuuliza kwanza: ile ya kiwanda cha barafu ama ile ya shule ya kung fu? Kwa Jackie Chan pia, Drunken Master II ya 1994 ndo ileile ilipelekwa Marekani 2000 ikaitwa The Legend of Drunken Master. Kuna watu wamenunua zote mbili wakidhani ni pati ya pili na pati ya tatu. Kabla hujalipa, uliza.

Sasa kuna hili la staringi kutoroka na jina kubaki. Hii inatuuma sana juu watu wa Bungoma na Kakamega wanapenda hizi za mapigano na wanaziagiza pamoja kutoka ya kwanza hadi ya mwisho. Kickboxer ya 1989 ni ya Van Damme. Kuanzia ya pili hadi ya tano hayuko. Bloodsport ya 1988 ni yake, Bloodsport 2 ni Daniel Bernhardt. American Ninja, Michael Dudikoff ako kwa 1, 2 na 4, ya tatu ni David Bradley, ya nne wako wote wawili, na ya tano imebeba jina tu, hadithi haishikani na hizo zingine. Home Alone watoto wanaitaka kila Desemba, na yule mtoto Macaulay Culkin ako kwa ya 1990 na ya 1992 pekee, kwa Home Alone 3 ya 1997 ni mtoto mwingine na wezi wengine. Nyingi za hizi pati za mbele zilitengenezwa kwa bajeti ndogo ziende moja kwa moja kwa kaseti na diski bila kupitia sinema, na jina likishajulikana linajiuza. Hatusemi ni mbaya, kuna wateja wanapenda American Ninja 4 kuliko ya kwanza, tunasema tu ujue kabla ya kulipa kwamba uso unaoutafuta hauko ndani.

Na The Gods Must Be Crazy, za mwongozaji wake Jamie Uys ni mbili, 1980 na 1989. Zile zingine N!xau, staringi wa hizo mbili, ako na Wachina zilitengenezwa Hong Kong, kama Crazy Safari ya 1991. Zinachekesha kivyake. Tuambie tu unataka zipi.

Kuna mtu atauliza kwa nini tusiuze tu mpya. Watu wengi wanadhani ya zamani ni rasimu na mpya ndo kazi yenyewe, na wengine wanadhani kila iliyorudiwa ni takataka. Mimi nakataa yote mawili. Scarface ya Al Pacino, 1983, ile vijana wamechora mpaka kwa matatu, hiyo yenyewe ni ya kurudia. Ya kwanza ni ya 1932, ya Paul Muni, na ni ya Chicago, si Miami. Ocean's Eleven ya 2001 imerudia ya 1960, na mimi kwa maoni yangu ya 2001 inashinda mbali sana. Lakini Total Recall ya 1990 ukiweka na ya 2012 utaona vile mtu anaweza kuchukua hadithi nzuri akaipunguzia uhai. Karate Kid ya 2010 wakaipeleka Beijing, mtoto anafunzwa kung fu na Jackie Chan ingawa jina limebaki karate, na bado ina moyo wake, mimi huiweka karibu na ya 1984 kwa shelfu na huwa namwambia mzazi chukua zote mbili, tazameni na mtoto usiku mbili mfululizo, mtaongea. Kutazama mbili pamoja kunafungua macho kuliko kutazama moja mara kumi.

Mzazi pia aangalie alama ya umri ya bodi ya uainishaji wa filamu, zile GE (ya kila mtu), PG (mzazi amwongoze mtoto), 16 na 18. Muvi ikirudiwa haimaanishi iko na ukali uleule. RoboCop ya 2014 imelainishwa kuliko ya 1987, ile ya zamani ni damu mingi kabisa, na kuna mama alitaka kumnunulia mtoto "ile ya kwanza" juu mtoto amependa ile mpya. Tulimwambia ukweli, akachukua kitu kingine.

Sasa kuhusu diski zenyewe, juu nyingi za hizi nzee tunazopata ni orijino za mtumba kutoka Uingereza, zingine India. Nyuma ya kava utaona kaduara kadogo ka dunia na namba ndani, hiyo ni namba ya eneo la dunia diski imetengenezewa. Kenya tuko namba 5 pamoja na India. Uingereza ni 2, Marekani ni 1. Deki nyingi za bei ya chini zinazouzwa hapa zinasoma zote bila shida, lakini kama deki yako imefungiwa namba moja itakataa zingine, na hiyo si diski imeharibika. Laptopu nayo itakuuliza ubadilishe namba, na usibonyeze ovyo, unaruhusiwa kubadilisha mara tano tu halafu inajifunga hapo ilipo.

Malalamiko mengine: "mmeniuzia imekatwa, kwa intaneti wanasema dakika 100 hii yangu ni 96". Haijakatwa. Filamu inapigwa picha 24 kwa sekunde, na diski za mfumo wa PAL, ambao ni wetu na wa Uingereza, zinacheza picha 25 kwa sekunde, kwa hivyo inakimbia kidogo tu na dakika nne zinapotea hivyo kwa kila mia. Hakuna sini imetolewa.

Zile ambazo kweli zimebadilishwa ni nyingine. Star Wars ya 1977 mwenyewe George Lucas aliirudia 1997 akaongeza vitu, akaigusa tena 2004, na ndo hiyo iliyobadilishwa iko kwa diski nyingi. E.T. toleo la 2002 polisi wametolewa bunduki mkononi wakawekewa redio, baadaye wakarudisha. Kama unataka vile uliiona ukiwa mdogo, tuambie, tutaangalia ni toleo gani kabla ya kutuma.

Na tafadhali, ukitazama ya zamani kwa tivi pana, wacha ile mistari nyeusi pembeni. King Kong ya 1933 ilipigwa na picha karibu ya mraba, ukiivuta ijae skrini kila mtu anakuwa mfupi na mnene na sokwe anakuwa kama chapati. Tafuta kwa rimoti pale pa saizi ya picha, weka 4:3.

Kuagiza sasa ni hivi. Tuma jina, mwaka, na mtu mmoja ameact. Kama mwaka haujui, tuambie uliiona wapi na lini hivi, na kama hata jina haujui simulia sini moja tu unayokumbuka, na kama uliiona ikiwa imesimuliwa na DJ Afro sema pia, juu vile yeye huwaita watu si vile wanaitwa kwa muvi, na sisi tutafuatilia kutoka hapo. Tukikutumia isiyo yenyewe na ulikuwa umetupea mwaka, tunabadilisha na nauli ya kurudisha ni yetu. Ukichukua ya zamani na iliyorudiwa pamoja tunakupunguzia. Na kama uko na diski ama kaseti nzee kwa kabati zimekaa tu, usitupe, leta dukani tuzijaribu kwa deki mbele yako, tunanunua, sai tunatafuta sana Don ya 1978 na American Ninja ya nne, kuna watu wanazingoja.