Turudishieni wimbo wa kufunga stesheni

Mhariri,

Nimelisoma gazeti lako tangu nikiwa kijana na sijawahi kukusumbua hata siku moja. Lakini ile makala ya Jumapili kuhusu runinga za zamani imenishinda kuvumilia. Ati stesheni ilifungwa usiku kwa sababu ya uhaba wa vipindi!

Huyo mwandishi hakuwapo. Televisheni ilianza nchini Kenya mwaka 1962, kabla ya uhuru, na hata VOK (Sauti ya Kenya), shirika la utangazaji la serikali, ilipoitwa KBC mwaka 1989, stesheni bado ilikuwa moja. Runinga yetu ilitumia betri ya gari, na nusu ya kijiji ilijaa sebuleni. Nani angemwambia jirani aende kwake? Saa ya kufunga stesheni ilipofika, bendera ikapepea kwenye kioo, wimbo wa taifa ukaanza, baba akatusimamisha sote, hata waliokwisha kusinzia. Na kwa kuwa wageni walikuwa wima tayari, wakaaga. Zikabaki chenga tu, shhhh, na betri ikasalimika mpaka kesho.

Sasa hakuna kufunga. Mwezi uliopita niliamka saa nane usiku nikamkuta mama, mwenye miaka 81, ameketi mbele ya stesheni moja ambayo sitaitaja, simu mkononi, ameshamtumia shilingi 1,500 bwana mmoja mwenye koti jeupe anayeuza dawa ya magoti. Dawa haikufika. Nikipiga ile nambari, mteja hapatikani. Nilipopiga stesheni yenyewe, nikaambiwa hicho si kipindi chao, ni tangazo la kulipiwa, nimtafute mwenyewe. Nimtafute wapi, ndani ya kioo? Kulipokuwa na wimbo wa taifa, saa hiyo mama alikuwa usingizini na pesa zake ziko chini ya godoro!

Halafu hivi ving'amuzi tulivyolazimishwa kununua mitambo ya analogia ilipozimwa mwaka 2015. Mawingu yakitanda kidogo, msoma habari anakatika vipande vipande mdomo wazi. Zamani mtoto alipanda paani akazungusha antena, sisi tukipiga kelele: hapo hapo, rudisha kidogo! King'amuzi utakizungusha wapi?

Ombi langu ni dogo. Saa sita kamili za usiku: bendera, wimbo wa taifa beti zote tatu, kisha dakika tano za chenga, sauti juu kabisa, ili aliyelala kwenye kochi aamke akazime stima. Muuza dawa naye asimame wimbo ukipigwa, kama magoti yanamruhusu.

Msomaji wa siku nyingi,
Kitale