Dokta kasema 8, shemeji kasema mara mbili, nishike lipi?

Habari zenu wadau. Mimi ni mama wa miaka 52, niko Morogoro, huu mwezi wa pili toka niambiwe nina sukari, ile ya ukubwani. Kile kipimo cha wastani wa sukari wa miezi mitatu kilisoma 8.1, presha ya juu 144, sigara sivuti. Nimeanza dawa ya sukari, metformin, na ugali nimepunguza (nalia ila nimepunguza).

Sasa siku ile dokta akatoa karatasi ya WHO ina viboksi vya rangi, kijani, njano, chungwa, nyekundu, akazungushia peni kiboksi kimoja cha njano kimeandikwa 8. Akasema tukichukua wanawake 100 walio kama mimi, ndani ya miaka 10 kama 8 hivi watapata shambulio la moyo au kiharusi. Nikatoka pale roho imetulia, si 92 watakuwa salama? Kufika home shemeji ashagugo, eti wenye sukari hatari yao ya moyo ni mara mbili, na kashamwambia mume wangu, basi mume wangu ndo kasimamisha msingi wa nyumba yetu kule Kihonda, anasema tusubiri kwanza. Tusubiri nini jamani, mimi nimeshakuwa marehemu mtarajiwa? Nikamuuliza shemeji hiyo mara mbili ni ya ngapi, akanijibu "shemeji haya mambo fifti fifti tu, unapata au hupati". Nilikosa la kusema.

Ninachotaka kujua, hiyo mara mbili ishamo ndani ya ile 8 au naizidisha iwe 16? Maana dokta alisoma kwenye upande wa wenye sukari. Halafu karatasi inauliza tu una sukari au huna, haijali ni 8.1 au 11, sasa nikihangaika mpaka nikaishusha 6.5 si nitabaki kiboksi kilekile? Na macho na figo na miguu mbona hayamo, mama yangu alikatwa mguu kwa sukari hii hii na ndicho ninachoota usiku, sio moyo.

Kliniki narudi wiki ijayo na safari hii mume wangu nambeba kwa nguvu. Nisaidieni tumuulizeje dokta mpaka na yeye aelewe, maana mifuko 20 ya saruji iko stoo inaanza kuganda.