Ukinunua mtoto wa mbwa, omba kwanza kumwona mama yake

KWA MHARIRI,

Shule zikikaribia kufungwa, wazazi wengi hapa Nairobi huanza kutafuta mtoto wa mbwa, wa kulinda boma na kucheza na watoto. Mimi ni mhudumu katika kliniki ya mifugo Kasarani, na wateja hao hutufikia wakiwa wamekwisha kulipa. Maswali waliyomuuliza muuzaji huwa mawili: ni wa asili au ni chotara, na bei ya mwisho ni ngapi? Ya afya hayaulizwi, na muuzaji naye hayagusi.

Ombi langu kwa wasomaji wenu ni moja. Usitoe hela kabla ya kumwona mama wa mbwa huyo, pale anapoishi, akiwa na watoto wake. Muuzaji anayetaka mkutane kwenye kituo cha mafuta, au anayekungoja kando ya barabara na katoni, amekunyima nusu ya habari unayohitaji.

Mtazame mama anavyotembea. German Shepherd na Rottweiler hurithishana ubovu wa nyonga, na mwenye shida hiyo huyumbisha kiuno, husita kuinuka, na akikimbia huruka kwa miguu yote miwili ya nyuma kama sungura. Muulize mfugaji ikiwa mama na baba wote walipigwa eksirei ya nyonga baada ya kutimiza mwaka, kisha uione ripoti kwa macho yako. Cheti cha ukoo ni kizuri, lakini kinakuambia babu yake ni nani tu. Habari ya mifupa haimo. Pindua masikio ya mama utafute kupe, maana homa za kupe huua mbwa wengi katika jiji hili. Uliza ana umri gani, amezaa mara ngapi, na hupumzishwa kwa muda gani kati ya uzazi mmoja na mwingine.

Halafu uliza mama alichanjwa lini. Hapa ndipo wengi hupotea. Mtoto wa mbwa hupata kinga ya mwanzo kutoka kwa dang'a, yaani maziwa ya kwanza ya mama yake, siku ile ile anayozaliwa. Mama asiyechanjwa huenda asiwe na kinga ya kutosha kumpa. Lakini kinga hiyo hiyo ya mama, ingali na nguvu, huizuia chanjo kufanya kazi. Ndiyo sababu chanjo ya parvo na distempa, magonjwa ya virusi yanayoua watoto wa mbwa, huanza wiki ya 6 hadi ya 8 na kurudiwa kila baada ya wiki 2 hadi 4, mpaka mbwa afikishe angalau wiki 16. Ile ya kichaa cha mbwa kwa kawaida hutolewa akitimiza miezi mitatu.

Juzi mama mmoja alituletea mbwa wa wiki tano. Kadi yake ilikuwa imeandikwa "chanjo zote" kwa kalamu ya bluu. Haikuwa na kibandiko cha chupa ya chanjo, wala muhuri, wala jina la daktari. Nilipomfunua mdomo yule mbwa, fizi zilikuwa nyeupe, dalili ya kupungukiwa damu. Tumbo ambalo mwenyewe alidhani ni shibe lilikuwa limejaa minyoo. Minyoo hiyo humwingia mtoto angali tumboni mwa mama, na tena kwa maziwa, kwa hiyo dawa inatakiwa kuanza akiwa na wiki mbili na kurudiwa kila wiki mbili. Huwaingia watoto wetu pia. Basi usiulize tu kama amepewa dawa, uliza ni dawa gani, tarehe gani, na mama yake alipewa lini.

Kuhusu kadi, dai kibandiko chenye nambari ya chanjo na tarehe ya kuharibika, pamoja na jina la daktari aliyesajiliwa na Bodi ya Madaktari wa Mifugo. Chanjo hutunzwa kwenye baridi ya nyuzi 2 hadi 8. Iliyonunuliwa agroveti ikabebwa mfukoni ndani ya matatu, kisha mfugaji akajidungia mwenyewe, siwezi kuihesabu kuwa chanjo. Kenya imejiwekea lengo la kukomesha vifo vya watu kutokana na kichaa cha mbwa kufikia mwaka wa 2030, na wanaoumwa sana na mbwa ni watoto.

Nawajua wafugaji waaminifu. Hao hawaudhiki kwa maswali haya; wao ndio hukuhoji wewe, kama una ua, na nani atabaki nyumbani mchana. Hawamtoi mbwa kwa mama yake kabla ya wiki 8, na hukubali kuandikiana kwamba daktari wako akimkuta mgonjwa siku mbili tatu za kwanza, unarudishiwa pesa.

Na kama kwako alikufa mbwa kwa parvo, zungumza na daktari kabla ya kuleta mwingine. Virusi hivyo hukaa udongoni miezi mingi, hata mwaka na zaidi, na sabuni ya kawaida haiviui. Sakafu na vyombo visuguliwe kwanza, kisha vipakwe dawa ya klorini na kuachwa dakika kumi. Kwenye ua wa udongo, lete tu mbwa aliyekwisha kumaliza chanjo zake.

Mhudumu wa kliniki ya mifugo,
Kasarani, Nairobi