Tugeuze pakiti, tusome nyuma

Mhariri,

Naomba nafasi katika safu ya barua niwatahadharishe wasomaji kuhusu maneno makubwa yanayopamba upande wa mbele wa pakiti za vyakula: "bila kolesteroli", "bila sukari iliyoongezwa", "mafuta kidogo", "chanzo cha nyuzinyuzi". Mengi kati ya hayo si uongo. Ubaya wake ni kwamba yanasifia jambo moja na kunyamazia mengine, na anayeumia ni mnunuzi mwenye kisukari au shinikizo la damu aliyeamini kwamba ameshachaguliwa kilicho salama.

Chukua mafuta ya kula. Kolesteroli hupatikana kwenye vyakula vya wanyama: nyama, mayai, maziwa, samli. Alizeti, mawese, nazi, pamba na soya haviwi na kolesteroli ya kuhesabika, awe ameyakamua nani. Kwa hiyo chupa iliyoandikwa "bila kolesteroli" haina sifa ambayo ile ya jirani yake imeikosa. Cha kutazama ni mstari wa mafuta yanayoganda, ambao kwenye lebo nyingi umeandikwa "saturates" au "saturated fat", kwa sababu hayo ndiyo yanayopandisha kolesteroli mwilini. Karibu nusu ya mafuta ya mawese ni ya aina hiyo. Ya nazi huzidi asilimia 80. Ya alizeti ni kama sehemu moja ya kumi. Chupa zote tatu zinaweza kubeba maneno yaleyale mbele.

Kwenye vinywaji ndiko watu wanakopotea zaidi. Juisi halisi, nekta na "kinywaji chenye ladha ya matunda" ni bidhaa tatu tofauti, ingawa maboksi yote yana picha ya embe lililokatwa. Kwa viwango vya Codex, yaani viwango vya kimataifa vya chakula, nekta ya embe inaruhusiwa kuwa na tunda asilimia 25 tu. Kinachobaki huwa hasa maji na sukari. Ikiwa lebo inaonyesha gramu 13 za sukari kwa mililita 100, glasi ya mililita 250 ina gramu 32 na ushee. Kijiko kidogo cha chai hubeba takriban gramu 4, kwa hiyo hivyo ni vijiko vinane. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidishe gramu 50 kwa siku, na ingekuwa bora zaidi zisifike 25.

"Bila sukari iliyoongezwa" nayo isikulaze usingizi. Juisi ya machungwa matupu ina gramu 8 hadi 10 kwa mililita 100, na hiyo huhesabiwa ndani ya gramu 50 hizo, sawa na asali. Chungwa zima ni jambo jingine, maana nyuzinyuzi zake hupunguza kasi ya sukari kuingia kwenye damu. Pia kuna "bila sukari" kabisa, yaani isiyozidi nusu gramu kwa gramu 100. Biskuti ya namna hiyo bado ni unga wa ngano, na wanga wake huishia kuwa glukosi mwilini. Tena ikiwa imekolezwa kwa maltitoli au sorbitoli, vitamu vinavyotumika badala ya sukari, ukila nyingi unaweza kuharisha.

Mtindi wenye ladha ya stroberi ulioandikwa "mafuta kidogo" unahitaji hesabu fupi ya kutoa. Maziwa yenyewe yana sukari ya asili, kama gramu 5 kwa gramu 100. Lebo ikisema 12, basi saba zimetiwa kiwandani, na kikombe cha gramu 150 kimeongezewa karibu vijiko vitatu. Mafuta yakipungua ladha hupungua, na sukari ndiyo njia rahisi ya kuirudisha.

Neno "laiti" ("light") ni la kulinganisha tu: bidhaa iwe imepunguza angalau asilimia 25 ikilinganishwa na ile ya kawaida. Krispi zenye gramu 36 za mafuta kwa gramu 100 zikipungua kiasi hicho zinabaki na 27. Bado ni mafuta mengi.

Ndiyo maana nasisitiza safu ya "kwa gramu 100" au "kwa mililita 100". Safu ya "kwa mlo mmoja" huamuliwa na mtengenezaji. Chupa ya soda ya nusu lita ambayo mtu huimaliza kwa mkupuo mmoja inaweza kuhesabiwa kuwa milo miwili ya mililita 250, kila mmoja gramu 26. Jumla ni 52, kikomo cha siku kimeshapitwa. Upande wa chumvi, lebo nyingi huandika sodiamu kwa miligramu: zidisha kwa 2.5 upate chumvi. Pakiti ya tambi za haraka yenye sodiamu miligramu 800 ina gramu 2 za chumvi, na za siku nzima zisifike 5.

Orodha ya viambato hupangwa kuanzia kilicho kingi kwa uzito. Mkate wa kahawia ambao orodha yake inaanza na unga wa ngano wa kawaida, kisha mbele huko ikataja karameli, umepakwa rangi tu. Unga wa ngano nzima uwe wa kwanza, na nyuzinyuzi zifike gramu 3 kwa gramu 100 ili ziitwe "chanzo", au 6 ili ziitwe "nyingi". Sukari nayo hugawanywa majina: shira ya glukosi, dekstrosi, asali. Kila moja peke yake huonekana ndogo, zijumlishe.

Alama ya TBS, Shirika la Viwango Tanzania, au ya KEBS, shirika kama hilo kwa wenzetu wa Kenya, ni muhimu, lakini inathibitisha kwamba bidhaa imekidhi kiwango chake. Haisemi kwamba inamfaa mgonjwa wa kisukari. Soda nayo inayo.

Linalonikera zaidi ni unga wa lishe unaouzwa ukiwa na maneno "hutibu kisukari", "huondoa presha", "huongeza kinga kwa mtoto". Codex inakataza chakula kudai kwamba kinatibu au kuzuia ugonjwa, na kwa vyakula vya watoto wachanga na wadogo madai ya lishe na afya hayaruhusiwi isipokuwa pale kiwango chenyewe au sheria ya nchi inapoyataja. Unga huo wenye mahindi na karanga, nafaka zisipokaushwa vizuri, unaweza kuwa na sumukuvu, yaani sumu inayotengenezwa na kuvu, na hilo halionekani kwa macho wala halitajwi popote kwenye pakiti. Tangu 2019 usimamizi wa usalama wa chakula Tanzania Bara uko TBS. Atakayekutana na pakiti ya namna hiyo apige picha pande zote mbili, namba ya toleo na tarehe ya kwisha muda zisomeke, aandike duka aliponunulia, apeleke ofisi ya kanda iliyo karibu naye. Asiitupe pakiti kabla hajajibiwa.

Mteknolojia wa chakula,
Morogoro