Machicha ya zabibu yasiishie jalalani

Mhariri,

Msimu wa zabibu ukifika hapa Dodoma, nyuma ya viwanda vidogo vya kukamua huwa na rundo la machicha: maganda, kokwa na vikonyo vilivyolowa. Siku ya kwanza yananukia vizuri. Siku ya tatu yamechacha, inzi wamejaa, na maji mekundu yanachuruzika hadi mtaroni. Kidogo huchukuliwa na wafugaji, mengine hutupwa. Na sisi huvuna mara mbili kwa mwaka.

Nawaomba watafiti wa TARI Makutupora, kituo cha taasisi ya utafiti wa kilimo, na Chuo Kikuu cha Dodoma wayageuze machicha haya kuwa malighafi ya vimeng'enya, yaani protini zinazoharakisha mabadiliko ya kikemikali. Maganda ya zabibu yana pektini, kitu kama gundi kinachoshikanisha seli za tunda. Kuvu iitwayo Aspergillus niger ikioteshwa humo hutoa pektinesi, kimeng'enya kinachovunjavunja pektini hiyo, na hicho ndicho wakamuaji hutumia ili tunda litoe maji mengi zaidi na juisi itakate.

Kazi yenyewe haihitaji mitambo ya kutisha. Machicha hukaushwa, huchanganywa na pumba, hulowanishwa kiasi na kupikwa kwa mvuke kuua vijidudu. Kisha hupandwa mbegu ya kuvu na kutandazwa kwenye trei, penye joto la nyuzi 30 hivi. Baada ya siku chache husuuzwa kwa maji na kuchujwa. Kimeng'enya kimo kwenye maji hayo. Mjapani Jokichi Takamine alipata hataza (haki ya mvumbuzi) Marekani tangu 1894 kwa kimeng'enya cha kuvunja wanga, akiotesha kuvu kwenye pumba za ngano.

Lakini mtu asijaribie jikoni kwake, nasisitiza. Sumukuvu tunaijua: mwaka 2016 iliua watu Dodoma na Manyara kupitia mahindi. Kuvu inayoitoa, Aspergillus flavus, ni ndugu wa niger, na hata niger yenyewe zipo aina zake zenye sumu. Mbegu lazima itoke maabara, na kila mchujo upimwe kabla haujagusa juisi.

Mkamuaji mdogo hawezi kumudu maabara peke yake. Kiwepo kituo kimoja cha pamoja, karibu na mashamba, maana machicha yanapaswa kufika siku ileile ya kukamuliwa. Mimi na jirani zangu tuko tayari kuyatoa bure kwa majaribio msimu ujao.

Mkulima wa zabibu,
Hombolo, Dodoma