Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Akili Zetu na Uamuzi wa Tiba

Ndugu wanachama,

Nawasalimu nyote, mliofika ukumbini na mnaosoma taarifa hii mkiwa kitandani kwa sababu leo mwili umekataa. Hesabu za chama zimekaguliwa na zimeambatishwa, na mweka hazina yupo kujibu maswali. Michango ya mwaka imetosha kuendesha chama, ila haikutosha kuajiri mtu. Simu zenu zimeendelea kupokewa na wanachama wanaojitolea, wengine wakiwa wagonjwa kama ninyi, nami nawashukuru kwa moyo wote. Mengine ya uendeshaji yamo kwenye kumbukumbu za vikao. Nafasi iliyobaki naomba niitumie kwa jambo lililotushughulisha mwaka mzima: namna ugonjwa wetu wa neva, maltipo sklerosisi, au MS kama tuuitavyo wenyewe, unavyogusa akili, na jinsi akili hiyohiyo iliyoguswa inavyotakiwa kuamua kuhusu dawa.

Lilianza kwa simu. Mwanachama mwenzetu, mwalimu wa hesabu kwa miaka mingi, alipiga jioni akiwa ametoka kliniki. Ugonjwa ulikuwa umemshambulia tena, na daktari alikuwa amemweleza aina tatu za dawa: ya sindano ya kujichoma nyumbani, ya vidonge, na ya dripu hospitalini. Akaelezwa faida ya kila moja, madhara yake na vipimo vya damu vitakavyohitajika. Kisha akaambiwa achague. Alichagua ya dripu. Nilipomuuliza kwa nini, alinyamaza kidogo, akasema, "Mwenyekiti, ndiyo aliyoitaja mwisho. Zile mbili zilikuwa zimeshanitoka."

Usiku ule sikulala vizuri. Mama huyu si mtu wa kushindwa na maelezo, na daktari wake alisema yote aliyopaswa kuyasema. Ila aliyasema kwa mwendo ambao wengi wetu hatuwezi kuufuata, na hakuna aliyetazama kama yamefika.

Tunafahamu kinachotokea mwilini. Kinga ya mwili huishambulia mayelini, ile ala inayofunika nyuzi za neva, na ujumbe unaopita humo huchelewa au hupotea njiani. Ukichelewa kufika mguuni, tunajikwaa, na kila mtu anaona. Lakini mawazo nayo husafiri kwenye nyuzi hizohizo. Kinachoathirika zaidi ni kasi ya kupokea na kuchambua habari, kisha uwezo wa kujifunza jambo jipya na kulikumbuka. Lugha na maarifa ya zamani mara nyingi hubaki salama. Ndiyo maana watu wa nyumbani hushindwa kutuelewa: tunaongea vizuri, tunakumbuka ya miaka 20 iliyopita, halafu tunapotea katikati ya mazungumzo ya watu watatu.

Jambo hili si geni kwa sayansi. Jean-Martin Charcot, aliyeueleza ugonjwa huu huko Paris mwaka 1868, aliandika kwamba kumbukumbu za wagonjwa wake zilidhoofika na fikra zao zilijengeka polepole. Hata hivyo, kwa miongo mingi baada yake waganga waliendelea kuliona kuwa jambo la wachache. Mwaka 1991 Stephen Rao na wenzake nchini Marekani waliwapima watu 100 wenye MS wanaoishi majumbani mwao, wakawalinganisha na watu 100 wasio na ugonjwa, na wakakadiria kuwa asilimia 43 ya wenye MS walikuwa na upungufu wa kufikiri. Sehemu ya pili ya utafiti huo ndiyo iliyonigusa zaidi. Waliopungukiwa walikuwa na uwezekano mdogo wa kuwa kazini na walishiriki kidogo katika shughuli za jamii, ingawa ulemavu wao wa mwili haukuwa tofauti na wa wenzao. Kwa maneno mengine, mtu anaweza kupoteza ajira na marafiki huku kipimo cha kutembea kikisema hali yake ni nzuri.

Kipimo cha kasi ya akili nacho kipo, na ni rahisi kuliko wengi wanavyodhani. Mwaka huu nilikifanya. Unawekewa karatasi, juu kuna alama tisa, kila moja na tarakimu yake. Chini zimepangwa alama mistari kwa mistari bila tarakimu, nawe unataja tarakimu ya kila alama kwa sekunde 90. Mistari ya kwanza nilikwenda vizuri. Baadaye jicho langu likawa linapanda juu kutafuta alama niliyokuwa nimeitazama muda si mrefu, na nilihisi jibu likija polepole, kama mtu anayepanda ngazi na mzigo. Sikukosea sana, nilichelewa. Sasa namba yangu imeandikwa kwenye faili, na mwakani itapimwa tena. Ikishuka kwa pointi nne au zaidi, wataalamu huona kuwa ni dalili ya kufuatiliwa. Mwongozo wa kitaalamu uliotolewa mwaka 2018 unapendekeza kila mwenye MS apimwe mapema anapogunduliwa, kisha kila mwaka. Nawaomba mkiombe kipimo hiki kwa jina lake, kipimo cha alama na tarakimu. Kukijua kiwango chako unapokuwa mzima kiasi ni akiba ya baadaye.

Hapa niongeze neno kwa wale watakaopata namba ya chini. Uzito wa akili hauletwi na makovu ya ubongo peke yake. Sonona, usingizi mbovu na uchovu hupunguza kasi, na vivyo hivyo baadhi ya dawa tunazotumia kwa kibofu au kwa kukakamaa kwa misuli. Mengi kati ya hayo yanatibika au kubadilishika, kwa hiyo ulizeni kabla ya kukata tamaa.

Nirudi kwenye uamuzi. Mwaka 1997 jarida la tiba la BMJ lilichapisha utafiti wa Peter Rothwell na wenzake uliowahusisha wagonjwa 42 wa MS na madaktari wao. Madaktari walitilia mkazo ulemavu wa mwili. Wagonjwa walijali zaidi nguvu za kila siku, afya ya akili na hisia zao. Naona jambo hilo kila tunapokutana. Mwanachama akisema anataka apate nguvu ya kusikiliza hadithi ya mtoto wake hadi mwisho, hilo ni lengo la tiba, na linastahili kuandikwa kwenye faili kama lile la kutembea mita mia tano.

Angalieni historia ya natalizumabu, mojawapo ya dawa za MS za dripu. Iliidhinishwa Marekani mwaka 2004, ikasitishwa mwaka 2005 kwa sababu baadhi ya waliotumia walipata maambukizi hatari ya ubongo yanayoletwa na virusi vya JC, kisha ikarudishwa mwaka 2006 kwa masharti. Watafiti wa Ujerumani wakiongozwa na Christoph Heesen waliwauliza wagonjwa na madaktari ni hatari ya kiasi gani ingewafanya waiache. Wagonjwa walikuwa tayari kuvumilia hatari kubwa kuliko madaktari. Mimi siwashangai, maana wanaoishi na ugonjwa wanajua bei ya kutotibiwa. Lakini haki ya kukubali hatari inakuja na haki ya kuielewa, na mtu hawezi kuielewa kwa kusomewa asilimia harakaharaka. Mwambieni daktari aseme: kati ya watu 1,000 wanaotumia dawa hii, ni wangapi hupata tatizo, na kati ya wasiotumia, ni wangapi huzidiwa.

Mwaka 2023 Shirika la Afya Duniani liliingiza dawa za MS kwenye orodha yake ya dawa muhimu kwa mara ya kwanza: rituksimabu, kladribini na glatirameri. Tumeitumia orodha hiyo katika barua zetu zote za utetezi na tutaendelea kuitumia.

Wengi mmeuliza kama kuna dawa ya kurudisha kumbukumbu. Nawajibu kwa uwazi. Donepezili, inayotumika kwa wagonjwa wa Alzheimer, ilijaribiwa kwa wenye MS na matokeo ya mwaka 2011 hayakuonyesha faida. Mazoezi ya akili yana matumaini ya kiasi. Nchini Uingereza watu 449 walishiriki utafiti wa mafunzo ya umakini na kumbukumbu: ugonjwa haukupungua uzito wake maishani mwao baada ya mwaka, ingawa waliopata mafunzo waliripoti kupungukiwa na kusahau kuliko wenzao wasioyapata katika mambo ya kila siku, tofauti ikiwa ndogo. Mimi nathamini hata hiyo ndogo. Anayesahau mara mbili badala ya tano ana siku iliyo tofauti kabisa.

Sisi wenyewe tulikuwa na kosa la kurekebisha. Mikutano yetu ilikuwa ya jioni, saa ambayo uchovu wa wengi umefika kooni, na makabrasha yetu yalikuwa marefu. Tumeihamishia asubuhi, tunapumzika kila baada ya nusu saa, na mzungumzaji hurudia hoja zake kabla ya kupiga kura. Kamati pia imetengeneza karatasi ya kliniki ya ukurasa mmoja. Ina nafasi ya kuandika kila dawa inayotajwa, inatumiwaje, hatari yake kwa watu 1,000, na mstari wa juu kabisa unaouliza: ni jambo gani maishani hutaki kulipoteza? Nendeni na mtu wa kuwasindikiza. Ombeni ruhusa ya kurekodi kwa simu. Ombeni siku chache za kufikiri, lakini zisiwe miezi, maana ugonjwa hausubiri na tiba ya mapema hulinda ubongo.

Mwalimu wetu alirudi kliniki akiwa na dada yake na karatasi hiyo. Daktari alikubali kuanza upya. Mwalimu alichagua tena ya dripu. Safari hii alinieleza: inatolewa kila baada ya miezi sita, naye hataki dawa anayopaswa kukumbuka kuitumia kila siku wakati kukumbuka ndiko kunakomchosha.

Naomba mkutano huu upitishe azimio la kuziandikia kliniki zote tunakotibiwa kwamba kipimo cha alama na tarakimu kifanyike kila mwaka, na kwamba mgonjwa apewe maelezo ya dawa kwa maandishi kabla ya kuamua. Rasimu ya barua mnayo mezani, imechapwa kwa herufi kubwa. Tutaisoma pamoja baada ya mapumziko, aya moja moja, na yeyote anayetaka irudiwe anyooshe mkono.

Mwenyekiti