Barua kwa Mama Tausi: miguu yangu na hiyo leza yako

Kirumba, Mwanza

Mpendwa Mama Tausi,

Salamu nyingi kutoka huku Mwaloni. Sisi hatujambo, wajukuu hawajambo, na Mzee Magesa bado anadai hajalipwa. Kimya changu usikipe maana nyingine. Ujumbe wako niliusikiliza siku ileile, ila kukujibu kwa sauti siwezi. Najua watoto wako wanavyoifungulia simu yako sebuleni, halafu habari za nyayo zangu zinafika Tandika kabla sijameza mate. Sasa ni mbalamwezi, mitumbwi imepumzika, dagaa hakuna, basi nimekaa nikuandikie.

Ni kuhusu hiyo leza ya huko Dar, unayosema inatuliza miguu inayowaka kwa sababu ya sukari.

Kwanza asante. Ulivyonisimulia habari za yule mama wa Tabata aliyekuwa halali na sasa analala, nililia, maana hayo ya usiku ndiyo yangu. Mchana nashinda kwenye dagaa wala silalamiki. Nikipanda kitandani tu, nyayo zinawaka, mara sindano, mara ganzi, shuka likigusa vidole naruka. Baba Kulwa amehamia kwenye kochi, eti nampiga mateke. Mwache huko, alikuwa anakoroma mno.

Kulwa aliposikia habari yako akataka kuuza pikipiki anilipie. Pikipiki inayotulisha! Doto akasema tuchangishane ukoo mzima. Nikawaambia tulieni kwanza, niulize. Siku ya kliniki ya sukari nikamshika yule dada muuguzi wa Sengerema, yule aliyemuuguza marehemu Sabina, nikamwambia anieleze yote bila kunionea huruma.

Akanieleza. Hiyo si leza ya kukatia kwenye upasuaji. Ni mwanga wa nguvu ndogo, mwekundu au ule usioonekana kwa macho, unaomulikwa juu ya ngozi kwa dakika chache, mara kadhaa kwa wiki. Wanaoitetea wanasema mwanga huo ukifika kwenye seli unaviamsha vile vinu vyake vidogo vya kutengeneza nguvu, na vijishipa vya damu vinatanuka, ndipo neva, yaani mishipa ya fahamu, zinapata nafuu. Si porojo, utafiti upo, na wapo wagonjwa ambao maumivu yao yalipungua. Ila tafiti nyingi ni ndogo, za watu wachache waliofuatiliwa kwa majuma tu, kwa hiyo hakuna wa kukuapia kwamba nafuu hiyo itadumu. Na sukari yenyewe haishuki hata kidogo. Sasa kama sukari ndiyo inayozila neva, unamulika mguu huku mlaji yuko palepale ndani ya damu, si ndiyo?

Doto naye, unamjua na simu yake, akachimba mpaka akafika Hungaria. Anasema mwaka 1967 daktari mmoja huko, Endre Mester, aliwanyoa panya manyoya akawamulika leza, akitaka kujua kama itawaletea saratani. Saratani hawakupata, ila manyoya yaliota upesi kuliko ya panya wenzao. Nikamwambia, mwanangu, mimi nywele ninazo, shida yangu iko chini. Hata Baba Kulwa alicheka, na unajua anavyobana cheko lake kama pesa.

Hayo yote hayakuniudhi. Lililoniudhi ni lile tangazo ulilonitumia picha yake. Mama Tausi, ulilisoma mpaka chini? Wanaahidi kuondoa maumivu na ganzi moja kwa moja, ulipie awamu zote mapema. Hakuna mahali wamesema watakupima miguu. Sukari hawaiulizi. Dawa unazomeza hawazitaki kuzijua. Yaani kitu chenyewe huenda ni kizuri, ila anayekiuza...

Yule dada hakuanza na dawa. Alinivua viatu, akachukua kijiuzi kigumu cha plastiki, akaniambia nifumbe macho na niseme "ndiyo" kila nikiguswa. Nikafumba. Nikangoja, nikangoja, mwishowe nikamuuliza, dada, mbona huanzi? Akasema mguu wa kulia ameshaumaliza.

Mama Tausi, niliingiwa na baridi. Miaka yote hii nalilia panapouma, kumbe pa kuogopa ni pale pasipouma. Unaukumbuka ule mwiba wa sangara? Nilitembea nao kutwa nzima, mpaka mjukuu alipoona damu sakafuni, mimi sina habari. Na mama mdogo wa Nansio, si alikandwa na maji akisema ni ya uvuguvugu tu, na mguu ukaishia kukatwa? Dada anasema wakati mwingine maumivu yanaisha kwa sababu neva imekufa, na mtu anafanya sherehe. Sasa nikimulikwa, moto ukapoa, nikajiona nimepona nikarudi kuanika dagaa peku kwenye mchanga wa saa saba, si nitaungua mpaka mfupa huku naimba?

Kwa sasa daktari ameniandikia amitriptilini, dawa ya kutuliza maumivu ya neva, kidogo ya usiku. Mdomo unakauka, asubuhi naamka mzito, lakini nalala. Ameagiza pia nipimwe vitamini B12, kwa sababu metifomini, dawa yangu ya sukari, ikimezwa miaka mingi inaweza kuipunguza, na upungufu wake nao unaleta moto na ganzi hizihizi. Hebu fikiria, ningelipa mamilioni kumulikwa mwanga, kumbe sehemu ya shida ni vitamini! Majibu bado. Peku nimeacha, hata ndani ya nyumba. Kila jioni mjukuu ananikagua nyayo na kati ya vidole, na kabla sijavaa viatu anavikung'uta. Amekuwa mkali kuliko afisa wa mazao. Juzi alinirudisha mlangoni nimevaa yeboyebo.

Sijasema leza siitaki. Usiku mwingine ungeniambia iko Bukoba ningeenda kwa miguu hiihii. Ila kukaa kwenye basi zaidi ya kilomita 1,000 mpaka Dar, nifike miguu imevimba, nimlipe mtu asiyeniuliza hata sukari yangu ni ngapi, hapo roho inasita.

Kwa hiyo nifanyie hisani, nenda wewe mwenyewe, usipige simu. Waulize, mashine yao inatoa joto? Maana dada anasema ziko zenye nguvu kubwa zinazopasha ngozi, na mimi nikiungua sitajua. Wanamvika mgonjwa miwani ya kukinga macho? Anayeishika ni daktari, au ni kijana wa mapokezi? Anayelipa yote halafu asione nafuu anarudishiwa chochote? Na yule mama wa Tabata, tangu alipomaliza awamu zake ni muda gani? Bado analala? Alibadilishiwa na dawa kipindi hichohicho? Hilo la dawa mdodose taratibu, usimhoji kama polisi.

Na wewe presha yako vipi? Tausi amepata chuo, au bado mnangoja? Yule mchumba wake wa Geita ameshaleta barua, au bado anapima upepo?

Ukipita Kariakoo nitafutie viatu vya kufunika vidole, namba 40, vipana mbele, soli ngumu, ndani visiwe na mshono wa kukwaruza. Nitajie bei nikutumie kwenye simu. Iwe bei ya dukani, siyo ile uliyonipiga kwenye vitenge.

Shoga yako,
Mama Kulwa